Ahadi ya Maji ni Deni

Wasomaji wetu wa visiwani hawahitaji kufundishwa maana ya kiu. Mtu aliyezaliwa Tumbatu amekua akiyatazama maji pande zote nne, wala asiweze kunywa hata kikombe kimoja, mpaka bomba lilipopitishwa chini ya bahari kutoka Unguja. Leo tunawaomba wasomaji hao, pamoja na watumishi wa Serikali wanaoisoma safu hii, wavuke nasi hadi pembe ya kusini-magharibi ya nchi yetu, wakawatazame ndugu zao ambao msiba wao ni kinyume cha huo. Wao wana maji matamu tele, na juu ya hayo si salama kuyanywa.

Kata ya Liparamba imo karibu na mpaka wa Msumbiji. Ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi ilipoanzishwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012. Magharibi yake liko Ziwa Nyasa, ziwa la tatu kwa ukubwa katika Afrika, ambalo kina chake hufikia mita zipatazo 700. Kaskazini yake imeinuka milima ya Umatengo, yenye mito na chemchemi. Mwenye kuitazama ramani atadhani kwamba hapa hapana shida ya maji. Lakini maji ya ziwani yakichotwa na kunywewa vivi hivi huleta magonjwa ya kuhara, na mwenye kusimama ndani yake ili ajaze ndoo yumo katika hatari ya kichocho. Wenzetu wa Malawi, tunaoshiriki nao ziwa hilo, walipatwa na kipindupindu mwaka 2022 na 2023, na watu zaidi ya 1,700 wakapoteza maisha. Ziwa ni moja, na wavuvi huvuka huku na huku kila siku.

Hili nalo wenzetu wa visiwani walijue vema. Kipindupindu kilipoingia Zanzibar mwaka 1978, kilizukia katika kijiji cha wavuvi. Kunako dago pasipo choo wala maji salama, maradhi hayaulizi kama maji yaliyo mbele ya kibanda ni ya chumvi au ni matamu.

Katika safari zetu za kusini tulipata kupita kijiji kimoja ambacho hatutakitaja, kwa kuwa lengo letu si kumwaibisha mtu. Tulikuta kituo cha kuchotea maji kilichojengwa kwa saruji imara, na ubavuni mwake jiwe la uzinduzi lenye jina la mgeni rasmi na tarehe ya sherehe. Koki ilikuwa kavu. Wenyeji walitueleza kwamba maji yalitoka kwa muda usiotimia mwaka, kisha bomba likapasuka kule juu karibu na chanzo. Kamati ilikusanya michango. Fundi alisema kipuri hakipatikani karibu. Barua ziliandikwa, na majibu hayakurudi. Misimu miwili ya mvua ilikuwa imekwisha kupita. Bibi mmoja, mwenye wajukuu, akaitua ndoo yake na kutuambia: "Wanangu, siku ya kulifungua bomba hili mlikuja wengi. Siku lilipokauka hakuja hata mmoja."

Hatukuwa na jibu. Miongoni mwetu walikuwamo waliopiga makofi siku ile ya sherehe.

Maneno ya bibi huyo yametufanya tuirudie historia yetu wenyewe. Mwaka 1971 Serikali, chini ya uongozi wa TANU, ilianzisha mpango wa miaka 20, ili kufikia mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi na salama katika mwendo usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na vyoo vingi vikachimbwa vijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Denmark ilisaidia kutayarisha mpango mkuu wa maji kwa mikoa ya Iringa, Ruvuma na Mbeya. Ulimwengu nao uliitangaza miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa Mwongo wa Maji ya Kunywa na Usafi wa Mazingira.

Mwaka 1991 ulifika. Maji ndani ya mita 400 hayakumfikia kila mtu. Mwaka huo huo ilitoka Sera ya Maji iliyowataka wananchi wachangie gharama. Sera ya mwaka 2002 iliirudia ahadi ya mita 400, ikaongeza kwamba kila mtu apate lita 25 kwa siku, na kila kituo kihudumie watu 250. Sheria ya mwaka 2019 ikaunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA. Ilani ya CCM ya mwaka 2020 iliahidi asilimia 85 vijijini kufikia mwaka 2025, na Serikali ilieleza kwamba hadi Desemba 2023 huduma hiyo ilikuwa imefikia asilimia 79.6.

Hatuibezi kazi hiyo. Anayekumbuka hali ya vijiji vyetu miaka 40 iliyopita, kisha akasema hakuna kilichofanyika, hasemi kweli. Hata hivyo twauliza: katika asilimia hizo, yule bibi amehesabiwa wapi? Kituo chake kimejengwa, kiko ndani ya mita 400, na jiwe lake la uzinduzi lingali linasomeka. Vituo vya maji vya vijijini vilipohesabiwa nchi nzima mwanzoni mwa muongo wa 2010, zaidi ya theluthi moja vilionekana havifanyi kazi. Mtu hanywi kituo, hunywa maji. Hesabu inayokoma siku ya sherehe ni hesabu ya saruji.

Hapa ndipo neno "haki" linapopata uzito wake. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura juu ya azimio lililoletwa na Bolivia, la kuitambua haki ya maji safi na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Nchi 122 zilikubali, hakuna iliyokataa, na nchi 41 hazikuelemea upande wowote. Tanzania ilikuwa miongoni mwa hizo 41. Sababu za kidiplomasia twawaachia wanadiplomasia. Sisi twasema tu kwamba nchi iliyowaahidi wakulima wake maji mwaka 1971 haikupaswa kusita mwaka 2010. Isitoshe, Tanzania ilikwisha kuridhia mwaka 1985 mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao unataja maji na usafi wa mazingira kwa mwanamke wa kijijini. Mwaka 1991 iliridhia mkataba wa haki za mtoto, ambao unataja maji safi ya kunywa. Wenzetu wa Kenya waliiandika haki ya maji katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 43. Katiba yetu ya mwaka 1977 inalinda haki ya kuishi katika ibara ya 14, lakini maji haikuyataja kwa jina.

Watauliza wengine: tofauti iko wapi, ikiwa mabomba yanajengwa? Tofauti ni kubwa. Maji yakiwa fadhila, mwananchi hushukuru yakija na hunyamaza yakikatika. Yakiwa haki, yakikatika yuko mtu anayepaswa kujibu, na mwananchi anajua mlango wa kubisha. Haki isiyo na mwenye kuijibia haitofautiani na sadaka.

Wala haki haina maana ya bure. Koki hununuliwa, fundi hulipwa, na chanzo hulindwa. Waliowahi kupita chuoni wanajua mafundisho kwamba maji ni miongoni mwa vitu ambavyo watu wote ni washirika, na kwamba haifai kuyafuja hata kwa udhu, ujapokuwa ukingoni mwa mto. Mshirika huchangia chombo cha pamoja. Lakini mshirika pia huonyeshwa daftari la hesabu, na jirani yake asiye na senti hafukuzwi kisimani. Mchango usiotolewa hesabu mbele ya mkutano mkuu wa kijiji huua moyo wa kuchangia kabla bomba halijapasuka.

Tusisahau pia kwamba maji bila choo ni nusu ya kazi. Mwaka 2015 Baraza Kuu lilizitaja haki hizi kuwa mbili, ya maji na ya usafi wa mazingira, ili moja isimezwe na nyingine. Pembezoni mwa ziwa jambo hili ni dhahiri. Penye miamba shimo la choo halichimbiki kwa urahisi, na kambi za wavuvi huhama, kwa hiyo ziwa hugeuzwa kisima na choo kwa wakati mmoja. Kambi hizo hazina budi kuhesabiwa kama makazi ya watu, kwa kuwa wanaoishi humo ni watu.

Kwa hiyo basi, twatoa mapendekezo matatu. Kwanza, takwimu za maji vijijini zihesabu siku ambazo maji yametoka, zibandikwe hadharani katika ofisi ya kijiji na ya kata, na kila kituo kiwe na mhusika anayejulikana kwa jina na muda uliowekwa wa matengenezo. Pili, pasizinduliwe shule, zahanati wala mwalo wa samaki kabla ya kuwapo choo na maji ya kunawa. Tatu, Katiba itakapoandikwa upya au kurekebishwa, haki ya maji na usafi wa mazingira itajwe kwa jina, ili isitegemee ukarimu wa kiongozi mmoja mmoja.

Sisi tulio katika Chama tunayo sababu ya ziada ya kuyasema haya. Kauli ya kumtua mama ndoo kichwani imesemwa katika mikutano mingi, na umma umeipokea kwa furaha. Lakini ndoo ya yule bibi iliwahi kutuliwa, kisha ikarudi kichwani kwa sababu ya bomba moja lililopasuka. Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni letu lina umri wa zaidi ya miaka 50, na mdai wetu hakuenda mahakamani wala hakuandamana. Kila alfajiri yeye huteremka ziwani kimya kimya, akipita kando ya jiwe lenye jina la mgeni rasmi. Tusiusubiri mwenge mwingine ndipo tumrudie. Twende na kipuri mkononi.