TAHARIRI: Uhaba wa Fedha Si Udhuru wa Kuzuia Maun



Ndugu Waislamu, shule ya kijiji inapokosa chaki au choo chake kinapobomoka, wengi wetu husema hiyo ni kazi ya serikali. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haijakamilika. Ada na michango ya lazima ilipofutwa kuanzia Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 4,000 za vitabu, na 6,000 za kupelekwa shuleni. Hizo 6,000 ni chini ya shilingi 17 kwa siku, nazo zilitegemewa kwa karatasi, mitihani na ukarabati. Lililokatazwa ni kulazimisha michango. Mlango wa hiari uliachwa wazi.

Suratul-Maun imewakemea wanaoswali huku wakizuia maun. Ibn Mas'ud (R.A.) aliifasiri maun kuwa ni vitu mfano wa shoka, chungu na ndoo, ambavyo majirani huazimana. Ikiwa lawama nzito kiasi hicho imeshuka kwa ajili ya ndoo na shoka, nani kati yetu hapa Msanzi atadai kuwa hana cha kutoa?

Zaka ina mafungu yake manane yaliyotajwa katika Suratut-Tawba, na wanazuoni wengi hawakujuzisha ijengewe kuta. Sadaka haina mpaka huo. Mwenye ng'ombe na mkokoteni na asombe mchanga baada ya mavuno. Fundi na atoe siku moja. Watoto wanaosoma pale ni wetu na wa majirani zetu Wakristo, na haki ya jirani haimtazami dini yake.

Nazo kamati, ziwe za shule, zahanati au msikiti, zina deni lao. Mwenye kuendesha fedha kidogo ndiye anayepaswa zaidi kubandika ukutani mapato na matumizi, kwani kikipotea kidogo hicho hakuna cha kuziba pengo. Kufungua mlango kwa wakati na kumpokea mjane kwa kauli njema hakuhitaji ruzuku.

Tuanze na msikiti wetu: makusanyo ya kila Ijumaa yasomwe hadharani, na sehemu ya sadaka itengwe kwa ajili ya shule.

Wabillahi tawfiq.