Tairi Pana, Lakini Pima Kwanza

Baadhi ya wanafunzi wangu wamenunua baiskeli za mashindano za mitumba, zenye tairi za milimita 23, wakazipeleka kwenye changarawe. Tairi nyembamba hudai upepo mwingi. Hurukaruka juu ya kokoto na kutoboka. Tairi pana hutosheka na upepo kidogo, nayo huishika njia. Naunga mkono badiliko hilo, ila si kwa pupa. Pimeni nafasi kwenye foki, fremu na breki: zibaki walau milimita 4 kila upande. Baiskeli nyingi kuukuu za aina hiyo hazimudu zaidi ya milimita 28. Fundi atakwambia, “Itaingia tu.” Kitenzi hicho sikipingi. Itaingia, hadi tope la masika ligande humo, gurudumu lisimame ghafla mwanafunzi akiteremka mlima.