Gari Dogo la Umeme na Barabara ya Kibiti



Mjadala kuhusu magari madogo ya umeme, yaani yale yanayoendeshwa na mota inayolishwa na betri badala ya injini ya petroli, hufanywa kana kwamba kila dereva anaishi Masaki, mtaa wa kitajiri wa Dar es Salaam, ilhali swali lenyewe hupata uzito linapoulizwa katika kata kama Mtawanya, wilayani Kibiti. Gari aina ya Nissan Leaf la mwaka 2011 lilikuwa na betri ya kilowati-saa 24, kipimo cha nishati iliyohifadhiwa, na likiwa jipya lilikadiriwa nchini Marekani kwenda takriban kilomita 117 kwa chaji moja; kutoka Kibiti hadi Dar es Salaam ni mbali zaidi ya hapo, na betri iliyochakaa, isiyo na mfumo wa kupoozwa kwa maji, hupungukiwa zaidi katika joto la pwani. Kwa safari ya Mtawanya hadi Kibiti mjini na kurudi, hata hivyo, uwezo huo unatosha na kusaza, na soketi ya nyumbani hulijaza gari kwa usiku mmoja, umeme usipokatika. Kikwazo kigumu zaidi ni tope la masika, kwa kuwa magari hayo yamekaa chini mno.

Kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limejengwa kwenye Mto Rufiji wa eneo letu hili, shirika la umeme la TANESCO na halmashauri zinaombwa kuweka kituo cha kuchajia Kibiti mjini, kikianza kwa kuhudumia bajaji za umeme.

Msomaji,
Mtawanya, Kibiti