Daftari la wiki: Amalfi haikuumbwa na bahari

Anayekwenda Pwani ya Amalfi, kusini mwa Italia, huuziwa bahari: Positano iliyong'ang'ania jabali, mashua na jua la Julai. Nionavyo, huuziwa sicho. Bahari nzuri Mediterania inazo tele. Kisichopatikana kwingi ni mlima uliochongwa kwa mikono ukawa ngazi za matuta, kila tuta likizuiwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, na juu yake malimau marefu yenye ncha yaitwayo sfusato. UNESCO ilipoitambua pwani hiyo mwaka 1997, iliiandika kuwa mandhari ya kiutamaduni, yaani kazi ya watu. Mwaka 2018 ufundi wenyewe wa kuta hizo, ambao Italia inaushiriki pamoja na nchi nyingine za Ulaya, nao ukaingia katika orodha ya urithi usioshikika.

Nitaambiwa kwamba mtalii ndiye anayeiweka pwani hai, na bila fedha zake vijiji vingehamwa. Kuna ukweli hapo, ila fedha hizo huishia zaidi vitandani na mezani kuliko shambani. Na shamba hilo trekta halipandi. Mavuno hushushwa mabegani, kwa nyumbu au kwa vireli vidogo vya mlimani. Kijana anayeweza kupangisha chumba cha bibi yake, apande huko kutafuta nini? Tuta likitelekezwa ukuta hubomoka, mvua huporomosha udongo, na chini yake ndiko iliko barabara ya watalii wenyewe.

Likizo si darasa, watasema wengine. Naam, na hakuna anayewaomba washike jembe. Njia ya Malimau, kati ya Maiori na Minori, ni matembezi mafupi, na ndiyo waliyopita wanawake wachukuzi wakishusha makapu ya malimau pwani. Cetara, mji wa wavuvi, kuna colatura, mchuzi unaochujwa kutoka kwa dagaa waliolazwa na chumvi kwenye pipa la mbao. Tambi zake hazihitaji hotuba. Afadhali pia kuukwepa msimu wa joto. Barabara ya pwani, namba 163, hufurika kiasi kwamba tangu 2022, siku za msongamano, magari ya wageni hupita kwa zamu, namba shufwa na witiri. Na chupa ya limoncello, kileo cha malimau, yenye picha ya limau haithibitishi kitu: mnunuzi aitafute alama ya IGP, inayolinda asili ya kijiografia ya zao, ambayo limau la pwani hiyo linayo tangu 2001.