Saa ya Mikate Katika Simu

Kijana asomaye kompyuta mjini Arua anapomtengenezea mama yake, mke wa askari polisi huko Koboko, saa ya simu ya kuangalizia mikate, jambo la kwanza limjialo ni kuhesabu mapigo: kila sekunde apunguze moja, hata dakika 30 ziishe. Hesabu hiyo humponza mama. Kioo cha simu kikizimika, mapigo mengi huchelewa au hupotea. Simu isemapo dakika 30, huenda tanuri la mkaa limekwisha zidisha nane, na mikate ya kuuza imeungua.

Katika Elm, lugha ya kutengenezea kurasa za mtandao iliyotolewa na Evan Czaplicki mwaka 2012, programu haiendi kuitazama saa. Huomba iletewe ujumbe, mathalani kila milisekunde 1000, na kila ujumbe huja na wakati halisi. Basi programu iweke wakati mikate ilipoingia tanurini, na kila ujumbe ufikapo iutoe katika wakati ulioletwa. Mapigo yakipotea, hesabu hujisahihisha kioo kiwakapo. Kengele, hata hivyo, yaweza kuchelewa kioo kikiwa kimezimika. Mama na akiache kikiwaka. Mikate ikiiva, ombi liondolewe, ama simu itaendelea kuhesabu na kula chaji bure.