Unga mweupe si wote wa kuingia kinywani



Munajua wote habari iliyopita katika internati ya wavulana mwezi jana. Hatutataja jina la mwenzetu, maana amechekwa vya kutosha. Dawa yake ya meno ilikuwa imekwisha, makuta ya kununua ingine hapana, na mtu mmoja akamwambia ya kama wazee wa zamani walisugua meno na chokaa. Nyuma ya depo kulikuwa kumebaki nusu mfuko ya unga mweupe, tangu siku zile walipopaka kuta za chumba cha kulia. Akachovya mswaki. Siku tatu alikunywa uji wa baridi tu, ufizi umebabuka na midomo imevimba.

Tangu siku ile internati imegawanyika pande mbili. Wa kwanza wanasema: munaona sasa, dawa ya kujitengenezea ni mambo ya umaskini, mtu anunue Colgate (ndivyo tunavyoita kila dawa ya meno, hata kama tyubu iko na jina lingine) ao akae na kinywa chake. Wa pili wanajibu: hapana, kosa lilikuwa la mfuko ule tu. Unga wa jiwe la chokaa unatiwa hata katika tyubu za dukani, basi kwa nini kulipa bei nguvu juu ya kitu kinacholala chini ya miguu yetu? Na wanapitisha kikaratasi kilichonakiliwa kwa mkono, kutoka kitanda hadi kitanda: vijiko viwili vya karbonati ya kalsiyamu, kijiko kimoja cha bikarbonati, chumvi kidogo, mafuta kidogo, majani ya naana.

Sisi wa kalasi ya Biokemia tumeulizwa na wengi tunaona namna gani. Tunaona ya kama pande zote mbili zina kosa. Na wale wa pili, ambao kwa kweli tunawapenda zaidi kwa sababu wanajaribu kitu na mikono yao, ndio wanaokosa mahali penye hatari.

Tuanze na ule mfuko. Hapa Katanga chokaa si kitu cha kigeni. Pale Kakontwe, karibu na Likasi, mawe ya chokaa yamechimbwa miaka mingi, na kazi za shaba na kobalti zinakula chokaa nyingi sana. Kiwanda cha simenti cha Lubudi nacho kilijengwa juu ya mawe ya namna ile. Lakini neno letu moja, chokaa, linabeba vitu vitatu. Kuna jiwe lenyewe likisagwa: ile ndiyo karbonati ya kalsiyamu. Ukichukua gramu 100 za jiwe safi na kulichoma katika tanuru, moto wa nyuzi 900 hivi, gramu 44 zinatoka kama gazi, ile ile tunayotoa tukipumua, na zinabaki gramu 56 za chokaa ya moto. Ukimwangia maji ile chokaa ya moto inanguruma, inatoa mvuke, na mwishowe unapata gramu 74 za chokaa iliyozimwa. Ile ya mwisho ndiyo ya kuta. Weka zote tatu juu ya meza, katika sahani tatu: macho hayatakuambia kitu. Kinywa kitakuambia, lakini umechelewa. Maji yenye chokaa iliyozimwa, ukitia karatasi ya pH, yanapita 12. Ngozi ya ufizi haivumilii vile.

Kwa hiyo mwenzetu hakuunguzwa na dawa ya kujitengenezea. Aliunguzwa na neno moja lenye maana tatu, na mfuko usioandikwa kitu.

Wengine sasa wanasaga chaki ya mwalimu. (Ndiyo maana vipande vinapotea kwa ubao, na majirani wa kalasi ya chini wanashitakiwa bure.) Chaki nyingi za siku hizi si karbonati hata kidogo, ni jasi. Jaribu mwenyewe: dondosha maji ya ndimu juu yake. Karbonati inatoa povu mara moja, inachemka kama limonadi. Jasi inakaa kimya. Ni jaribio zuri na halina gharama, lakini musiliamini kupita kiasi. Chokaa ya kuta iliyokaa wazi miezi inavuta gazi kutoka hewani na kuanza kurudi kuwa jiwe, nusu yake. Ile nusu itatoa povu pia, na nusu ingine itakuunguza. Povu linakuambia ya kama karbonati iko ndani. Halisemi kitu gani kingine kiko pamoja nayo.

Na hapa katika inchi yetu ya migodi kile kitu kingine kinaweza kuwa kibaya. Tumesikia mtu akisema ataenda kuokota mawe meupe kando ya takataka za mgodi na kuyasaga kwa kinu. Tafadhali, asiende. Mavumbi ya mahali kama pale yanaweza kubeba metali, hata risasi, na metali zile haziondoki kwa kuosha ao kuchuja na kitambaa. Tena hata jiwe safi la mlimani mara mingi liko na mchanga ndani. Tumejifunza kipimo cha ugumu: karbonati iko 3, ngozi ya nje ya jino iko 5 hivi, mchanga wa kwarzi 7. Maana yake karbonati safi inasugua jino bila kulikwaruza sana; mchanga unalikata. Sugua unga katikati ya vipande viwili vya kio: kama unasikia ukilia na kio kinapata mistari, ule si wa meno. Anayetaka kabisa unga wa kinywani aununue kwa farmasi, ao achukue maganda ya mayai, ambayo karibu yote ni karbonati: ayachemshe vizuri, ayakaushe, atoe ngozi ya ndani, ayasage mpaka yawe laini kama unga wa muhogo.

Sasa tuseme umefanya yote ile. Uko na unga safi, laini, wa kweli. Je, umepata dawa ya meno? Hapa ndipo tunapoachana na ndugu zetu wa kikaratasi.

Ni kweli, karbonati imo katika tyubu nyingi. Kazi yake mle ni kusugua tu. Kusugua ni kuzuri, na kwa kweli sehemu kubwa ya kazi ile inafanywa na mswaki wenyewe: mtu akisugua kila upande polepole na maji matupu anaondoa ule utando kuliko anayepaka dawa nyingi na kumaliza upesi. Lakini kinachosaidia jino lisitoboke ni fluori, na fluori haimo katika ganda la yai, wala katika chumvi, wala katika naana. Shirika la Afya la Ulimwengu liliingiza dawa ya meno yenye fluori katika orodha yake ya dawa za lazima mwaka 2021, pamoja na dawa za malaria na za maumivu. Ile si matangazo ya kampuni. Na usiseme utatafuta fluori na kuchanganya mwenyewe: fluori ya kawaida ikikutana na kalsiyamu inashikamana nayo, inageuka kitu kisichoyeyuka, na haisaidii tena. Ndiyo maana viwanda vinavyotumia karbonati vinatia fluori ya namna ingine, iliyofungwa na fosfati. Soma maandishi madogo nyuma ya tyubu, utaona neno refu lile.

Mtu atasema: kuko mahali ambapo fluori ni nyingi mno. Ni kweli. Upande wa Goma, karibu na volkano, maji mengine yanaleta madoa kwa meno ya watoto. Lakini ile ni fluori ya kumeza miaka mingi, jino likiwa bado linakua. Dawa ya meno inatemwa.

Kwa nini tunasumbuka na hii? Kwa sababu kwetu, jino likitoboka, dawa yake ni koleo. Hesabu katika kalasi yako ni wangapi wamekwisha kungolewa jino la nyuma kabla ya kupata diploma. Sisi tulihesabu kwetu, hatukufurahi. Mtu wa miaka 17 anatafuna bukari upande mmoja, na mahali pale hapatajazwa tena.

Na juu ya bei, ndugu wa kikaratasi, tumefanya hesabu ambayo inatuhukumu sisi wote. Kwa matangazo wanaonyesha dawa ikilala juu ya mswaki mzima, sawasawa na mdudu. Si lazima. Kiasi cha punje ndogo ya haragwe, tuseme nusu gramu, kinatosha. Tyubu ya gramu 100 itafanya mara 200, ni kusema siku 100, asubuhi na jioni. Ile inapita trimesta. Sasa uliza ndugu zako: tyubu yako inakaa siku ngapi? Wengi walituambia juma tatu, wengine walificha uso. Na tuseme wazi jambo lingine: mingi inaisha kwa sababu ya kupeana, kila asubuhi watu sita wamesimama na mswaki mbele ya mwenye kununua. Si vibaya kupeana. Ni vibaya kuwa yule yule mmoja ndiye ananunua kila siku.

Basi unga tuutupe? Hapana hata kidogo. Kazi zake ziko, nyingi kuliko za kinywa. Masufuria yetu ya aluminiyamu, yale yanayosuguliwa na mchanga mpaka yanapungua, karbonati laini na kitambaa chenye maji inayang'arisha bila kuyakwaruza. Lakini hapa tena angalieni mfuko: chokaa iliyozimwa inakula aluminiyamu, inaigeuza nyeusi na kutoa matobo. Kuku wa shule, ambao mayai yao yalikuwa yanapasuka mkononi, walipewa maganda yaliyosagwa, na maganda mapya yakawa magumu. Bustani ya muhogo na maharagwe nyuma ya kalasi iko na udongo mwekundu wenye asidi. Unga wa jiwe ukimwagwa kabla ya mvua na kulimwa ndani unapunguza ile asidi polepole, na hauunguzi majani. Kwa kuta, kinyume chake, karbonati na maji matupu haifai: inakauka na kubaki kwa mashati ya watu. Pale unahitaji chokaa iliyozimwa, maana yenyewe inavuta gazi hewani na kuwa jiwe juu ya ukuta.

Kuko na mastiki pia. Tulisoma ya kama vio vya madirisha vilishikwa zamani na unga wa karbonati uliokandwa na mafuta ya kitani, tukasema mafuta ni mafuta, tukakanda na mawese. Mawese hayakauki. Kio cha dirisha la tatu la kalasi yetu kinateleza mpaka leo, na mende wa shule nzima wamehamia pale.

Tunachoomba kwa ekonome ni vitu viwili. Cha kwanza, sanduku la kila chumba cha kulala linunue dawa ya meno yenye fluori mwanzo wa trimesta, kila mtu akitoa sawa, na mkubwa wa chumba aigawe kwa kipimo cha haragwe. Cha pili, ule mfuko nyuma ya depo uondolewe sakafuni. Mikebe mitatu ya maziwa yenye vifuniko tumekwisha kupata, na Jumamosi nyuma ya salongo tutapima kila unga na karatasi ya pH kabla ya kuumwaga ndani. Kinachokosa ni rangi ya kuandika majina. Mwenye mabaki ya rangi nyekundu nyumbani kwao, alete.