Shokomzoba Mpya na Haraka ya Kukaza

Msomaji wangu, ukiendesha gari kutoka Olympic kule Kibera hadi Kawangware, mgongo wako hupata habari kabla ya macho. Unaruka matuta ya Kibera Drive, unapumzika kidogo Ngong Road, halafu unapinda kuingia Naivasha Road, ambako matatu, mikokoteni na watoto wa shule hugombea njia moja. Si ajabu wengi hukimbilia Kirinyaga Road kutafuta shokomzoba mpya, hasa zile zenye kifundo cha kuzungusha: upande huu laini, upande ule ngumu.

Nami nilizinunua. Fundi mmoja wa jua kali pale Kawangware aliniuliza, "Mzee, nikukazie mpaka mwisho? Gari itashika barabara kama ya Safari Rally." Nikakubali, mjinga mimi. Jioni hiyo nikirejea Kibera na mke wangu, nilikanyaga breki penye lami iliyochimbika, na badala ya kusimama gari likaruka-ruka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mwanafunzi aliyekuwa akivuka aliponea chupuchupu. Usiku ule sikupata usingizi.

Kosa lilikuwa wapi? Shokomzoba haibebi gari. Hiyo ni kazi ya springi. Ndani yake mna mafuta na pistoni yenye vitundu, nayo huituliza springi isiendelee kudunda. Ukikaza kifundo, unafinya njia ya mafuta. Ukiifinya mno, gurudumu haliwahi kushuka kufuata shimo. Huning'inia, na gurudumu linaloning'inia halina breki. Gari la mashindano lina springi na matairi yake, wala halibebi mama mkwe na gunia la viazi.

Tena ikiwa mpya, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje bado umebana, kwa hiyo kilomita mia chache za kwanza utaiona ngumu kuliko itakavyokuwa baadaye. Anza basi na upande laini, pande zote mbili sawa, na uiache. Kabla ya kufungwa, ishike wima kama itakavyokaa garini, uivute na kuibonyeza taratibu mara tatu nne, hewa iliyojificha itoke. Fundi asiishike ile fimbo inayong'aa kwa koleo. Mkwaruzo mmoja tu, na mpira umekwisha.

Hapa pia ndipo wengi hukosea: bolti za chini, zile zenye bushi za mpira, zisikazwe kabisa gari likiwa juu ya jeki. Lishushwe kwanza, magurudumu yabebe uzito, ndipo zikazwe. La sivyo bushi hukaa imejipinda siku zote na hupasuka mapema, nawe utamlaumu aliyekuuzia.

Baada ya hizo kilomita, kagua nati, kisha ongeza hatua moja tu na upite njia ile ile, ukiwa na mzigo ule ule. Ukiona utando mwembamba wa mafuta, usiwe na hofu. Yakidondoka, irudishe dukani. Na uulize kabla ya kulipa, maana nyingine haziwezi kurekebishwa mpaka zifunguliwe kutoka garini.

Zangu sasa ziko hatua mbili tu kutoka laini kabisa. Mwanangu, aliye chuo kikuu, anasema gari bado linalala kidogo penye kona. Mwache aseme, petroli nanunua mimi.